Mzani Mmoja kwa Vitabu Viwili

Mijadala ya dini katika njia ya zamani ya misafara ina mizizi mirefu. Kinachokosekana ni haki katika kuyasoma maandiko.

Mkazi wa Igunga, Nzega au Tabora mjini hahitaji kuelezwa mhadhara wa mlingano wa dini ni kitu gani. Anaijua meza iliyowekwa uwanjani, vipaza sauti vilivyofungwa juu ya gari, Biblia ya Union Version iliyochomekwa vipande vya karatasi kila mahali, na msahafu uliolazwa juu ya kitambaa. Mmoja anafafanua, mwenzake anasoma kila anapoambiwa afungue sura fulani na aya fulani. Umati unaitikia takbiri, na mchungaji akipewa nafasi ya kujibu, watu wake wanaitikia haleluya. Swali lolote likitoka, kinachodaiwa ni andiko. Aliyekosa andiko ameshindwa. Aliyelipata hushangiliwa, hata kama andiko lenyewe linazungumzia jambo jingine kabisa.

Wapo wanaotaka mijadala hiyo ipigwe marufuku kwa kuwa inachochea chuki, na wapo wanaoiona kuwa wajibu wa kidini usioguswa. Makala haya hayako upande wowote kati ya pande hizo mbili. Hoja yake ni nyembamba zaidi. Kasoro kubwa ya mijadala yetu ni kwamba kila upande hupima kitabu cha mwenzake kwa mzani mmoja na cha kwake kwa mzani mwingine. Ukali wa maneno huja baadaye. Kitabu cha jirani husomwa kwa herufi, neno kwa neno, na kila kinachoonekana kugongana huitwa uongo. Kitabu cha nyumbani husomwa kwa subira, mazingira yakitazamwa na wafasiri wakiulizwa. Atakayekubali kutumia mzani mmoja ataona kwamba usomaji wa herufi tupu hauwezi kukisimamisha kitabu chochote kati ya hivyo viwili, na kwamba imani haikuwahi kuutegemea.

Ubishi uliopita njia ya misafara

Kubishania dini hakukuletwa Unyamwezi na vipaza sauti. Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiandika kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha njia iliyotoka Bagamoyo, ikakatiza Ugogo na Mgunda Mkali, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda Buganda. Njia hiyo ilibeba pembe na vitambaa, ikabeba watumwa, na ikabeba dini. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844 na kumweleza habari za Uislamu. Mwaka 1875 Stanley alimweleza Kabaka Mutesa habari za Ukristo, wamisionari wa Kianglikana wakafuata mwaka 1877, na Mapadre Weupe, waliokuwa wamepitia Tabora mwaka 1878, wakafika Februari 1879. Mutesa aliwasikiliza wote barazani kwake. Mackay Mprotestanti na Padre Lourdel Mkatoliki walipogombana mbele yake, Kabaka alitaka kujua kama kila taifa la Wazungu lina dini yake. Lilikuwa swali la mtu aliyezoea kusuluhisha mashauri: kama mashahidi hawapatani, mwamuzi aamue kwa lipi?

Karne ya 20 iliuhamishia ubishi huo kwenye karatasi, na Tabora ikawa tena mahali muhimu. Kipalapala palikuwa na seminari kuu ya Kikatoliki na kiwanda cha uchapaji kilichosambaza vitabu vya dini nchi nzima. Jumuiya ya Ahmadiyya, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, ilijenga msikiti Tabora na kuendesha mahubiri ya kulinganisha dini. Miongoni mwa waliovutwa naye alikuwa kijana wa Ujiji, Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye baadaye alikuwa Meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Tafsiri ya Qur'ani ya Ahmadiyya kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1953. Kabla yake kulikuwa na ya Kasisi Godfrey Dale wa Zanzibar, ya mwaka 1923, na baada yake ikaja ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy mwaka 1969, iliyoandikwa pia ili kuzijibu hizo mbili. Biblia ya Union Version ilikuwa imetoka mwaka 1952. Kwa hiyo, katika muda usiofika miaka ishirini, msomaji wa kawaida wa magharibi mwa nchi alipata vitabu vyote viwili kwa lugha yake mwenyewe, vikiwa na sura na aya zenye namba. Mhadhara usingewezekana bila namba hizo.

Waliouwasha moto wa sasa wanajulikana. Ahmed Deedat wa Afrika Kusini alionyesha jinsi Mwislamu anavyoweza kubishana na Mkristo kwa kutumia Biblia yenyewe, na umaarufu wake ulienea Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wahubiri wawili wa Kigoma, Musa Fundi Ngariba na Mohammed Ali Kawemba, waliifanya mbinu hiyo kuwa ya Kiswahili. Kitabu chao, Uislamu katika Biblia, kilichapishwa mwaka 1987. Upande wa Wakristo haukukaa kimya. Wainjilisti nao walijifunza Qur'ani na Hadithi, wakaanza kujibu kwa mtindo uleule. Hapo ndipo mizani miwili ilipoonekana waziwazi.

Jua la Yoshua na jua la Dhulkarnaini

Tuchukue mfano mmoja unaopendwa viwanjani. Sura ya 10 ya Kitabu cha Yoshua inaeleza kwamba jua lilisimama mbinguni mpaka Waisraeli walipowashinda adui zao. Mhubiri wa Kiislamu huuliza: jua lisimame vipi, wakati dunia ndiyo inayozunguka? Watu hucheka. Mchungaji naye hufungua Suratul Kahf, aya ya 86, inayosimulia kwamba Dhulkarnaini alifika magharibi akalikuta jua likitua katika chemchemi yenye tope jeusi. Anauliza: jua litatuaje topeni, nalo ni kubwa kuliko dunia? Upande wake nao unacheka. Kila mmoja amepata alichokuja kukitafuta.

Ukiwauliza wote wawili kwa utulivu kuhusu aya za kwao, majibu yatakuwa yaleyale. Mwislamu atasema kwamba aya inaeleza jinsi machweo yalivyoonekana kwa mtu aliyesimama ufukweni. Jibu hilo ni zuri, na ni la kale. Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 1210, aliandika kwamba jua ni kubwa mno kuingia katika chemchemi yoyote ya dunia, na kwamba msafiri baharini huliona jua kana kwamba linazama majini. Ibn Kathir, katika karne iliyofuata, alisema vivyo hivyo. Mkristo atasema kwamba Yoshua aliongea kama watu wote waongeavyo, kwa jinsi mambo yaonekanavyo machoni. Nalo ni jibu la kale: Galileo alilijadili andiko hilohilo mwaka 1615, akisisitiza kwamba Biblia huzungumza kwa namna watu wa kawaida wanavyoelewa. Tatizo liko katika uwanja wa mhadhara, ambako kila mmoja anaudai msamaha huo kwa kitabu chake na kuunyima kitabu cha jirani. Wahenga walikwisha kusema kuhusu mkuki kwa nguruwe.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Mchungaji akihimizwa anywe sumu hadharani, kwa kuwa Marko 16 inasema waaminio hawatadhurika, hujibu haraka kwamba aya hizo hazimo katika hati mbili kongwe za karne ya 4, na kwamba hata hivyo zinahusu ulinzi wa Mungu kwa wajumbe wake, si mchezo wa kumjaribu. Ni kweli. Lakini mchungaji huyohuyo atasoma aya ya vita ya Suratut Tawba bila kutaja mikataba iliyovunjwa wala maadui waliokusudiwa. Mhubiri wa Kiislamu naye hunukuu kwa furaha wataalamu wa Ulaya waliochambua hati za Injili, lakini wataalamu wa aina hiyohiyo wakiuliza kuhusu historia ya ukusanyaji wa Qur'ani wakati wa Khalifa Uthman, huwaita maadui wa Uislamu. Kama uchambuzi wa hati ni njia halali ya kutafuta ukweli, ni halali kwa vitabu vyote. Kama si halali, basi asiutumie yeyote.

Mifupa ya Manonga

Igunga ina shahidi asiyependelea upande wowote. Mto Manonga, upande wa kaskazini wa wilaya, na mbuga ya Wembere mashariki yake, vimepita juu ya kitanda cha ziwa la kale. Mwaka 1929 wanajiolojia waliokota mifupa iliyogeuka jiwe karibu na Tinde, upande wa Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu iliyoongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York ililipitia bonde kwa utaratibu, na matokeo yakachapishwa kitabuni mwaka 1997. Kining'inila, jina ambalo watu wa Igunga wanalijua kuwa la kata yao, limo miongoni mwa majina ya maeneo yaliyotoa mabaki. Waliokutwa humo ni samaki, kobe, mamba, viboko, nguruwe wa aina zisizokuwapo tena, na jamaa za tembo waliotoweka. Umri wao unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 4 na milioni 5.5.

Mabaki hayo yanauweka usomaji wa herufi mahali pagumu. Askofu James Ussher wa Ireland alijumlisha vizazi vya Biblia mwaka 1650 akapata kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Tofauti kati ya hesabu yake na umri wa viboko wa Manonga ni mamilioni ya miaka. Mwaka 1961 Whitcomb na Morris wa Marekani walijaribu kuokoa hesabu ya namna hiyo kwa kudai kwamba tabaka za mawe zote zililazwa na gharika ya Nuhu, na hoja yao bado inahubiriwa katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki. Lakini gharika moja hukoroga. Haipangi. Katika mabonde ya Afrika Mashariki meno ya nguruwe wa kale hubadilika kutoka tabaka moja hadi jingine kwa mpangilio unaojirudia kutoka Kenya hadi Tanzania, kiasi kwamba wanasayansi huyatumia kama kalenda.

Mwislamu asidhani kwamba tatizo hili ni la Wakristo peke yao. Ni kweli kwamba Qur'ani haina orodha ya vizazi vya kujumlishwa. Hata hivyo wahubiri wengi wameingia katika mtego wa upande wa pili, ule wa daktari Mfaransa Maurice Bucaille, ambaye kitabu chake cha mwaka 1976 kilidai kwamba Qur'ani inaafikiana na sayansi ya kisasa na Biblia haiafikiani nayo. Tangu hapo aya zimetafutiwa mimba tumboni, milima na anga kwa lugha ya maabara. Huo nao ni usomaji wa herufi, tofauti yake ni kwamba umevaa koti jeupe. Sayansi husahihisha vitabu vyake kila kizazi. Aliyefunga wahyi kwenye kitabu cha kiada cha mwaka huu atalazimika kuufungua mwaka kitakapobadilishwa, na atakayeumia ni kijana wa sekondari aliyeambiwa kwamba hapo ndipo ulipo uthibitisho wa dini yake. Kijana huyo shuleni hufundishwa nadharia ya uumbaji na ya mageuko bega kwa bega, mara nyingi bila mtu wa kumsaidia kuona kwamba huenda hazijibu swali moja.

Walikwisha kusema wa kale

Anayesema kwamba kuacha usomaji wa herufi ni kusalimu amri kwa Wazungu wa sayansi hajawasoma wazee wa dini yake. Origen wa Alexandria, katika karne ya 3, aliwashangaa wanaodhani kwamba siku tatu za kwanza za Mwanzo zilikuwa na jioni na asubuhi za kawaida, wakati jua lenyewe linaumbwa siku ya 4. Augustino, Mwafrika wa nchi iitwayo leo Algeria, alifasiri Mwanzo mwanzoni mwa karne ya 5 na kuwaonya Wakristo wasiseme upuuzi kuhusu nyota na viumbe mbele ya wasioamini wanaoyajua mambo hayo, kwa maana watadharauliwa hata wanapozungumzia uzima wa milele. Hakukuwa na Darwin wakati huo. Kanisa Katoliki lilirudia msimamo unaokaribiana na huo katika waraka wa Papa Pius wa 12 wa mwaka 1943 na katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965: msomaji aulize kwanza mwandishi alitumia namna gani ya uandishi, iwe shairi, historia, sheria au mfano.

Upande wa Kiislamu una hazina isiyopungua hiyo. Suratu Al Imran, aya ya 7, inagawanya aya zenyewe kuwa zilizo wazi na zenye kufanana maana, na kuwalaumu wanaozifuata hizi za pili kwa kutaka fitina. Sehemu moja ya Qur'ani inataja siku ya Mola iliyo sawa na miaka 1,000, na nyingine siku ya miaka 50,000. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema kwamba anayepinga hesabu za wanajimu kuhusu kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini kuliko adui yake. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alishikilia kwamba ukweli haupingani na ukweli: dhahiri ya aya ikigongana na jambo lililothibitishwa, aya itafutiwe maana yake ya ndani kwa kanuni za lugha ya Kiarabu.

Pingamizi nne

Pingamizi la kwanza ni zito. Ukisema leo kwamba siku sita ni mfano, kesho utasema ufufuo ni mfano, na keshokutwa kwamba hakuna wahyi. Utasimama wapi? Jibu ni kwamba wazee hao waliweka uzio. Ibn Rushd hakuruhusu mtu afasiri kwa mafumbo misingi ya dini: Mungu, utume na maisha ya akhera. Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anautaja ufufuo pamoja na orodha ya mashahidi na kukiri kwamba kama haukutokea, mahubiri yake ni bure; hadithi ya mwana mpotevu haitaji shahidi hata mmoja. Maandiko yenyewe hutofautisha tukio na mfano. Anayefuata tofauti hiyo hatelezi. Anayeteleza ni yule aliyefundishwa kwamba kila sentensi ina uzito mmoja, kwa sababu siku sentensi moja ikianguka, zote zitaanguka nayo.

La pili linasema kwamba haya ni mambo ya wasomi, na kwamba mkulima wa pamba wa Ziba au wa mpunga wa Choma anataka neno lililonyooka. Lakini mkulima huyo hasomi kwa herufi hata leo. Hajawahi kuliona kanisa linalowang'oa waumini jicho kwa sababu ya Mathayo 5:29, wala hajawahi kulidai. Anaijua methali anapoisikia, na anajua kwamba kauli ya mtendaji wa kijiji kuhusu ushuru haisikilizwi kama wimbo wa harusi. Uwezo wa kutofautisha namna za maneno umejaa vijijini. Unaopotea uwanjani, kipaza sauti kikishawashwa, ni uadilifu wa kuutumia.

La tatu ni kwamba umri wa mifupa ni makisio. Ni makadirio, ndiyo, na umri wa Manonga umepatikana hasa kwa kulinganisha wanyama wake na wale wa maeneo mengine ya Afrika Mashariki ambako majivu ya volkano yamepimwa kwa mionzi ya asili ya madini. Makadirio yanaweza kukosea kwa laki kadhaa za miaka. Hayawezi kukosea kutoka milioni 5 hadi elfu 6. Jiolojia hiyohiyo, yenye kusoma umri na mpangilio wa mawe, ndiyo iliyoongoza utafutaji wa dhahabu uliozaa mgodi wa Golden Pride wilayani Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990. Si haki kumwamini mjiolojia anapoonyesha dhahabu na kumkana anapoonyesha mfupa. Hapo pia ni mizani miwili.

La nne linatoka kwa asiyeamini: kama mifupa ndiyo inayoamua, kwa nini tusiviache vitabu vyenyewe? Kwa sababu mifupa inaamua swali la umri, na haiamui mengine. Haisemi kama mjane alipwe haki yake, wala kama kuna hukumu baada ya kaburi. Muumini anayekiri kwamba kiboko wa Manonga ana miaka milioni 5 hajapoteza hata moja ya imani alizoziweka msingi wa maisha yake. Anachopaswa kukubali ni kwamba madai ya kihistoria ya dini yake, kama yalivyo madai ya kihistoria ya jirani, yanaruhusu maswali ya kihistoria.

Gharama ya mizani miwili

Mambo haya yamekwisha kumwaga damu. Februari 1998, katika msikiti wa Mwembechai jijini Dar es Salaam, msukosuko ulioanzia kwenye madai ya kashfa za kidini uliishia kwa watu kuuawa kwa risasi za polisi. Oktoba 2012 ubishi wa watoto kuhusu msahafu huko Mbagala ulifuatiwa na kuchomwa kwa makanisa. Igunga yenyewe, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa mwaka 2011, ilishuhudia madai kwamba Mkuu wa Wilaya alivuliwa hijabu yakigeuka kuwa hoja ya kidini ya taifa zima. Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kueneza dini. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamwadhibu anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwingine. Kati ya vifungu hivyo viwili polisi hubaki wakibahatisha, kwa kuwa maneno kwamba Yesu si Mungu ni imani ya Mwislamu na yanamchoma Mkristo, kama vile maneno kwamba Muhammad si mtume ni imani ya Mkristo na yanamchoma Mwislamu. Sheria haiwezi kulifuta hilo.

Kinachowezekana ni waandaaji wenyewe kukubaliana masharti kabla ya kufungua kipaza sauti. Aya isomwe pamoja na zilizoitangulia na zinazoifuata, si kipande kilichokatwa. Anayeleta aya ya mwenzake aeleze kwanza wafasiri wa dini hiyo wanasemaje kuihusu, kisha awapinge kama ana sababu. Na kila anayetoa hoja dhidi ya kitabu cha jirani aulizwe, palepale mbele ya umati, kama yuko tayari hoja hiyohiyo itumike kwa kitabu chake. Masharti hayo hayahitaji kibali cha wilaya wala fedha za mfadhili. Yatapunguza vicheko, na huenda yakapunguza wasikilizaji, lakini hoja zitakazobaki zitakuwa zile ambazo mtu anaweza kuzisema mbele ya jirani yake mchana na bado akaenda kumzika mzazi wake jioni.